Wapagazi wa Unyanyembe na ramani za kompyuta

Ndugu msomaji, mazungumzo haya niliyatoa redioni mwishoni mwa juma lililopita. Wako walioniambia kwamba umeme ulikatika kabla sijafika katikati, na wengine wameomba yaandikwe ili wawasomee wazee wao. Basi nayatoa hapa karibu kama yalivyosomwa.

Baba yangu mdogo analima nje kidogo ya mji wa Tabora, upande wa barabara iendayo Sikonge. Ana mahindi, karanga na tumbaku kidogo. Mwaka mmoja alifika kwake kijana kutoka ofisi moja ambayo sitaitaja, ameshika kile kifaa kidogo kinachopokea mawimbi ya setilaiti. Alilizunguka shamba, akaandika tarakimu zake katika daftari, akaaga kwa heshima na kuondoka. Baada ya miezi miwili ikaja barua: shamba limo ndani ya msitu wa hifadhi, na mwenye shamba aondoke.

Mzee alishangaa. Msitu ule anaufahamu tangu akiwa mtoto mchunga mbuzi. Uko kusini, ng'ambo ya korongo, na yeye hajapata kulima ng'ambo ya korongo. Nilipokwenda kumsalimu alinionyesha ile barua, akasema: "Mwanangu, shamba halikutembea. Sasa nani aliyetembea?"

Swali lake nitalijibu kabla sijamaliza. Lakini ili tulijibu vizuri, inatupasa kwanza tuelewe hiyo kazi ya kuchora ramani kwa kompyuta ni kazi gani, na kwa nini watu wa Tabora, kuliko watu wengi wa nchi hii, wana haki ya kuiita kazi ya kwao.

Wataalamu huiita mfumo wa taarifa za kijiografia. Jina ni refu lakini jambo lenyewe si gumu. Chukua karatasi nyembamba unayoweza kuona upande wa pili. Juu yake chora mito tu. Chukua karatasi ya pili, chora barabara tu. Ya tatu vijiji, ya nne aina za udongo, ya tano kiasi cha mvua. Sasa zipange moja juu ya nyingine, pembe kwa pembe, uzielekeze kwenye mwanga. Hapo hapo utaona yale ambayo karatasi moja peke yake isingekuonyesha: kijiji kilicho mbali na maji, barabara inayokatiza udongo wa mbuga ambao masika hauvukiki, shamba lililopewa mbegu isiyolingana na mvua yake. Kila karatasi ni tabaka. Kompyuta inachofanya ni kuyashika matabaka hayo kwa mamia, kuyapanga bila kuchoka, na kujibu swali kwa dakika chache.

Vitu vya duniani huingia katika mfumo huo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuvichora: kisima kinakuwa nukta, njia inakuwa mstari, shamba linakuwa eneo lenye mipaka. Njia ya pili ni kuigawa nchi yote katika vijiraba vidogo vidogo, kama karatasi ya hesabu, na kila kijiraba kupewa tarakimu yake, iwe ya mwinuko, ya mvua au ya rangi iliyoonwa na setilaiti. Na kila kitu hubeba mambo mawili: mahali kilipo na habari zake. Nukta isiyo na habari ni doa tu. Habari isiyo na mahali ni uvumi.

Wengi wetu tunadhani ujuzi huu ulizaliwa Ulaya na Marekani ukatufikia sisi mwishoni kabisa. Si kweli kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni moja ya Kanada ya kupiga picha za ramani kutoka angani iliombwa kutafuta mahali panapofaa kupanda misitu nchini Kenya. Ilibidi ramani nyingi zipangwe moja juu ya nyingine kwa mkono, na gharama ilipopigiwa hesabu ikaonekana haibebeki. Kijana mmoja wa kampuni hiyo, Roger Tomlinson, akajiuliza kama mashine za kompyuta zilizokuwa mpya wakati ule zisingeweza kuifanya kazi hiyo. Kazi ya Kenya haikufanyika kwa njia hiyo, lakini wazo halikufa. Kuanzia mwaka 1963 Tomlinson alilitumia kuiorodhesha ardhi ya Kanada yote, na leo anaitwa baba wa mfumo huu. Kwa hiyo swali lililouzaa liliulizwa Afrika Mashariki.

Lakini mimi nasema kwamba hata kabla ya Tomlinson, matabaka haya yalikwisha kubebwa vichwani na mabegani mwa watu, katika njia ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji.

Fikiri juu ya kirangozi, yaani yule aliyeongoza msafara. Njia ile ni mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja. Ilimlazimu ajue maji yako wapi na mwezi gani hukauka. Ajue chakula kinauzwa wapi na kwa ushanga wa rangi gani. Ajue mtemi yupi anadai hongo na kiasi gani, na hongo siku zile ilikuwa ushuru wa njia, haijawa ile tunayoijua leo. Ajue wapi kuna vita. Maji, chakula, ushuru, usalama: hayo ni matabaka manne, na kila asubuhi aliyapanga moja juu ya jingine kabla ya kuamua kupita kulia au kushoto. Wanyamwezi waliifanya kazi ya upagazi kwa vizazi, na ndiyo maana hata wageni wenye bunduki na saa za dhahabu hawakuweza kupiga hatua bila wao.

Na Tabora yenyewe haikuota pale kwa bahati. Unyanyembe ilikuwa na maji na nafaka, na njia zilikutana hapo: moja kwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine kusini. Leo mtaalamu akiiambia kompyuta imtafutie mahali pazuri pa kituo katikati ya mtandao wa njia, inafanya hesabu ile ile waliyoifanya watemi na wafanyabiashara zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Sasa tutazame nini hutokea matabaka yanapochanganywa vibaya.

Katika miaka ya 1850 wamisionari wawili wa Kijerumani waliokuwa pwani, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, walikusanya habari za bara kutoka kwa wafanyabiashara na wasafiri. Aliyetoka njia ya kusini alisema: mwisho wa safari ni ziwa. Wa njia ya kati naye alisema ziwa. Wa kaskazini pia alisema ziwa. Wote walisema kweli. Lakini wamisionari waliziunganisha ncha zile tatu, na ramani yao ikatoka na ziwa moja kubwa mno lililojikunja kama konokono asiye na gamba, wakaliita bahari ya Uniamesi, yaani Unyamwezi. Wakubwa wa jiografia mjini London waliitazama ramani ile kwa mshangao, na ni moja ya sababu za Richard Burton na John Speke kutumwa huku.

Wawili hao walifika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne njiani. Hapo mwenyeji wao, Mwarabu aitwaye Snay bin Amir, aliwafungua macho kwa mazungumzo ya barazani tu: ziwa si moja. Nyasa liko mbali kusini, la Ujiji ni jingine, na la kaskazini ni jingine tena, nalo ni kubwa kuliko la Ujiji. Hakuwa na karatasi wala dira. Alikuwa na habari zilizotenganishwa, kila moja mahali pake. Mwaka uliofuata Speke aliondoka Kazeh, akaongozwa na Sidi Mubarak Bombay, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona lile ziwa la kaskazini.

Safari ile ina somo la pili. Speke alipima mwinuko wa maziwa kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, kwa kuwa kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Ziwa la kaskazini alilipatia: alisema futi 3,740, na leo twajua ni kiasi cha futi 3,720, yaani mita 1,134. Lakini la Tanganyika aliliandika futi 1,800, na kumbe ni zaidi ya futi 2,500. Kipimajoto kilikuwa kibovu. Tarakimu ile moja ilivuruga mabishano ya chanzo cha mto Nile kwa miaka mingi, maana nani angeweza kusema maji yanatoka wapi kwenda wapi ilhali miinuko haiaminiki? Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji mwezi Novemba 1871 wakaenda kwa mtumbwi hadi mto Rusizi kutazama kwa macho yao. Wakaukuta unaingia ziwani, hautoki. Tarakimu mbovu haina aibu. Hukaa katika ramani imetulia sawasawa na ile nzuri.

Kuna mtu mwingine wa zama zile ambaye hatajwi sana. James Christie alikuwa daktari Unguja wakati kipindupindu kilipoua watu kwa maelfu mwaka 1869 na 1870. Shule nyingi duniani hufundisha habari za John Snow, daktari wa London aliyeweka alama za vifo katika ramani ya mtaa mwaka 1854, akaona vimelizunguka bomba moja la maji. Christie alifanya kitu cha namna hiyo kwa nchi nzima. Aliwahoji wenye misafara na mabaharia, akafuatilia gonjwa lilikopita, kituo kwa kituo, na mwaka 1876 akachapisha kitabu chenye ramani. Alionyesha kwamba kipindupindu husafiri kwa miguu ya wapagazi kama vile pembe za ndovu. Nchi yetu ina haki ya kujivunia mfano huu darasani, hata kama habari zake ni za msiba.

Ilipojengwa reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, miongoni mwa wahandisi wake alikuwamo Clement Gillman, aliyekuja mwaka 1905 na kubaki hadi alipofariki mwaka 1946. Mtu huyu alitembea nchi hii kwa miguu huku akiandika kila alichokiona. Mwaka 1936 alichapisha ramani ya Tanganyika inayoonyesha watu wanaishi wapi, na alipoilinganisha na maji ya kudumu, mambo yakawa wazi. Karibu theluthi mbili ya watu walikuwa wamebanana katika sehemu ndogo sana ya nchi, kiasi cha moja ya kumi, na sehemu kubwa ilikuwa pori lisilo na maji au lenye mbung'o. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na matabaka mawili na subira.

Ungedhani serikali ya kikoloni baada ya hapo ingesoma ramani kabla ya kulima. La hasha. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulizunguka kwa wiki 9 tu, sehemu kubwa ikitazamwa kutoka ndani ya ndege, ukapendekeza mashamba ya karanga ya ekari zaidi ya milioni tatu. Mahali patatu pa Tanganyika palichaguliwa: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa ndipo walipoanza, mwaka 1947. Sasa Kongwa ni jirani wa Mpwapwa, kwenye njia ya misafara kabisa. Mbele ya Mpwapwa kuna nyika ambayo wapagazi waliiita Marenga Mkali, maana yake maji makali, na waliivuka mbio wakiwa wamejaza vibuyu. Mzee yeyote wa Ugogo angewaambia mvua za huko ni za kubahatisha. Udongo nao ulipokauka uligeuka mgumu kama saruji, ukavunja majembe ya matrekta na kuzishikilia karanga humo ardhini. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na pauni za Kiingereza kiasi cha milioni 36 zimepotea.

Na Urambo, mji wa mtemi Mirambo aliyewatetemesha Waarabu wa Unyanyembe tangu mwaka 1871, uliachiwa visiki na vyuma chakavu, baadaye ukageukia tumbaku. Tabaka la mvua lilikuwepo. Tabaka la udongo lingeweza kupatikana. Waliokosekana ni watu wa kuyapanga pamoja, na watu wa kumwuliza mwenyeji.

Sasa nirudi kwenye shamba la baba mdogo.

Ili ramani ikubali kukaa juu ya ramani nyingine, zote mbili lazima zianze kuhesabu kutoka msingi mmoja. Dunia si mpira kamili. Imebonyea kidogo, na wapimaji wa nyakati mbalimbali wameikadiria kwa maumbo mbalimbali. Ramani zetu za zamani zilijengwa juu ya umbo lililokokotolewa mwaka 1880, na juu ya mnyororo wa alama za vilimani uliopimwa kutoka Afrika Kusini kwenda kaskazini kufuata longitudo ya 30, ambayo hupita huko magharibi mwa nchi yetu. Kipande cha Tanganyika kilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kikosi kilichoongozwa na Martin Hotine, na mnyororo mzima ukaungana mwaka 1954. Msingi huo unaitwa Arc 1960. Setilaiti hazikuutumia, zina msingi wao wa mwaka 1984. Huku kwetu tofauti ya misingi hiyo miwili ni karibu mita 300. Ukisoma tarakimu katika kifaa cha setilaiti na kuzitia moja kwa moja katika ramani ya zamani, bila kuzigeuza, kila kitu kitaangukia karibu mita 300 kusini.

Kusini! Huko ndiko uliko ule msitu.

Aliyeligundua hilo ni mpima ardhi mstaafu, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye baba mdogo alimfuata akiwa na ile barua mkononi. Mzee aliisoma, akauliza swali moja tu: "Tarakimu hizi ni za msingi upi?" Katika barua hapakuandikwa. Ilichukua mwaka mzima, nauli nyingi na nyaraka nyingi zaidi, hadi shamba likarudi mahali ambapo halikupata kuondoka. Baba mdogo alikuwa na bahati ya kumjua mzee yule. Wangapi hawana?

Jambo hili si dogo, kwa sababu sasa maisha yetu yote yanaingia katika ramani za kompyuta. Sensa ya Agosti 2022, iliyohesabu Watanzania zaidi ya milioni 61, ilitumia ramani za kidijitali na vishikwambi. Nyumba zetu zimepewa anwani na vibao. Maji ya ziwa lile lile alilokwenda kuliona Speke kutoka Kazeh sasa yanakuja Tabora kwa bomba, na kwa kuwa Tabora iko juu kuliko ziwa, hakuna fundi ambaye angelaza bomba hilo bila tabaka la miinuko lililo sahihi. Reli ya kisasa, ambayo abiria wake walianza kufika Dodoma mwaka 2024, inajengwa kuelekea huku magharibi. Mimi nafurahia yote haya. Lakini anayeshika ramani anashika pia shamba la mtu. Kwa hiyo naomba mambo mawili.

La kwanza, kila ofisi inayompimia mwananchi ardhi iandike katika hati yake, kwa Kiswahili, tarakimu zimetoka katika msingi upi na zilipimwa lini. Ni mstari mmoja wa maandishi. Na kabla ya barua ya kumwondoa mtu kutoka, mtu mmoja aende shambani aulize korongo liko wapi.

La pili linahusu njia yenyewe. Mwaka 2006 serikali yetu iliiweka njia ya misafara katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni jambo jema. Lakini vituo sita ni nukta sita. Njia ni mstari, na mstari huo unafutika. Miembe iliyopandwa zama za misafara inakatwa kwa mkaa na kwa viwanja. Katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wengi walihamishwa, na majina ya makambi na visima yakabaki porini bila mtu wa kuyaita. Tippu Tip, ambaye baba yake alikaa Tabora, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na masimulizi yale yamejaa majina ya mahali na mwendo wa siku. Majina hayo yapo kitabuni. Mahali penyewe ni wapi?

Shule zetu za Tabora zina vijana wenye simu ambazo kila moja ni chombo cha kupimia ambacho Speke angekitolea machozi. Wapewe Jumamosi chache, daftari, na mzee mmoja wa kuwaongoza. Mwembe huu, nukta. Kisima hiki, nukta, na jina lake, na nani aliyelisema, na msingi wa tarakimu. Baada ya miaka miwili tutakuwa na tabaka ambalo hakuna setilaiti inayoweza kulipiga picha.

Nilipomweleza baba mdogo habari za misingi miwili, alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi waliotembea ni wao na hesabu zao." Nikamwambia ndivyo. Akachukua jembe lake akaenda zake shambani.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.